Vimelea vya Samaki na Msitu wa Mikoko

Mvuvi anapompasua mkizi, pengine huona matumboni mwake vitu vyembamba vyeupe vinavyojipinda. Hao ni minyoo. Akiyafunua matamvua, yaani yale mashavu mekundu ambayo samaki huyatumia kuvutia hewa iliyomo majini, huenda akaona pia vidudu vidogo vilivyojishika humo. Watu wengi wakiona hivyo humtupa samaki mzima. Wengine humlaumu muuzaji kwamba ameuza samaki mbovu, ingawa samaki huyo amevuliwa alfajiri ile ile. Na wako wanaosema kwamba lawama ni ya mikoko: ati lile tope jeusi linalonuka ndilo linalozaa minyoo, na kwamba mikoko ikikatwa maji yatakuwa safi na samaki watakuwa wazima.

Kauli hiyo ni nzito, kwa sababu mtu akiiamini atachukua shoka. Katika sura hii tutaipima kama wanasayansi wanavyopima kauli yoyote, yaani kwa kutazama mambo yenyewe jinsi yanavyotokea. Itatubidi tujue kimelea ni nini, kinaishije, na kinapita wapi mpaka kufika katika mwili wa samaki.

Kimelea ni nini?

Kimelea ni kiumbe kinachoishi juu ya mwili au ndani ya mwili wa kiumbe kingine na kujipatia chakula humo. Kiumbe kinachokaliwa na kimelea huitwa mwenyeji. Jina hilo lina mzaha kidogo, maana mwenyeji wa kawaida humkaribisha mgeni kwa hiari, lakini mwenyeji wa kimelea hakumwalika mtu. Baadhi ya vimelea unavijua wewe mwenyewe: chawa wa kichwani, kupe wa ng'ombe, tegu, na minyoo wa safura.

Simba anayemla swala si kimelea. Humwua swala mara moja, akashiba, akaenda zake. Kimelea hula kidogo kidogo, siku baada ya siku. Aghalabu hakimwui mwenyeji wake, kwa kuwa mwenyeji akifa, kimelea nacho hupoteza nyumba na chakula kwa pamoja.

Karibu samaki wote wasiofugwa wana vimelea vya namna moja au nyingine. Samaki wa kwenye matumbawe wanavyo, wa bahari kuu wanavyo, wa maziwa na mito wanavyo. Dagaa wa Ziwa Victoria, mathalani, wengine hukutwa na tegu mweupe tumboni, mkubwa kiasi cha kulivimbisha tumbo lote. Na kandokando ya Ziwa Victoria hakuna mkoko hata mmoja. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliwachunguza tasi wa pwani ya Kenya, wakakuta kwamba wana vimelea vya aina nyingi, vingine nje ya mwili na vingine ndani. Kwa hiyo tayari tumejua jambo moja: minyoo si mali ya tope la mikoko peke yake.

Vimelea vya nje

Vimelea vya nje hukaa kwenye ngozi, kwenye mapezi, kinywani na kwenye matamvua. Matamvua hupendwa kuliko mahali pengine, maana yamejaa damu na ngozi yake ni laini. Humo hukaa minyoo bapa wadogo sana, ambao huwezi kuwaona vizuri bila kioo cha kukuzia. Nyuma ya mwili wana vikulabu, na vikulabu hivyo huvishindilia katika nyama ya matamvua ili maji yasiwachukue.

Wako pia wadudu wa jamii ya kamba na kaa. Usishangae kusikia kwamba jamaa ya kaa anaweza kuwa kimelea! Wengine ni wadogo kama punje ya mchele. Wengine ni wakubwa kama ukucha wa kidole gumba, wenye pingili na miguu mingi iliyopinda kama kulabu. Hao wakubwa wakati mwingine huingia kinywani mwa samaki wakaushika ulimi, wakakaa hapo maisha yao yote. Mvuvi akimfungua samaki kinywa, hukutana na mdudu mweupe anayemkodolea macho.

Vimelea vingi vya nje vina maisha mepesi. Mnyoo wa kwenye matamvua hutaga mayai, mayai hutotolewa majini, na mtoto wake huogelea mpaka ampate samaki mwingine wa aina ile ile. Hahitaji mnyama wa pili. Likumbuke sana jambo hili, maana baadaye tutalihitaji.

Safari ya mnyoo bapa wa ndani

Maisha ya vimelea vya ndani ni ya ajabu zaidi. Bila shaka umesikia habari za ugonjwa wa kichocho. Mdudu wa kichocho hawezi kutoka kwa mtu mmoja akaingia moja kwa moja katika mwili wa mtu mwingine. Sharti apitie kwanza katika konokono wa maji baridi. Katika mikoko wamo minyoo walio jamaa za mdudu wa kichocho, nao pia huanza na konokono. Ila konokono wao ni wa maji ya chumvi, na safari yao ni ndefu zaidi. Hebu tuifuate hatua kwa hatua.

Yangeyange amesimama juu ya mzizi wa mkoko. Matumboni mwake mna minyoo bapa waliokomaa, nao wanataga mayai. Ndege huyo anapokunya, mayai huanguka pamoja na kinyesi juu ya tope. Mayai ni madogo mno, hayaonekani kwa macho matupu.

Juu ya tope hilo wanatambaa konokono. Katika mikoko ya kwetu yuko konokono mmoja mkubwa mwenye kombe refu lililochongoka, la rangi ya kahawia, ambalo huweza kupita urefu wa sentimita 10. Mahali pengine huitwa tondo, na pengine suka. Wako pia konokono wadogo wa jamaa yake. Konokono hula takataka za topeni, na pamoja na takataka hizo huweza kuyala mayai ya mnyoo. Mayai mengine hutotolewa kwanza, kisha kijinyoo kilichotoka humo humtafuta konokono na kumpenya.

Ndani ya konokono, kijinyoo kimoja huzaa vingine vingi bila ya kuwa na dume wala jike. Konokono maskini hunyonywa kiasi kwamba aghalabu hawezi tena kuzaa; chakula anachokula yeye hugeuka kuwa watoto wa mnyoo. Yeye huendelea kutambaa na kula kama wenzake, na kwa kumtazama nje huwezi kumtambua.

Maji yanapojaa na kumfunika konokono, vijinyoo hutoka mwilini mwake kwa wingi. Sasa kila kimoja kina mkia, nacho huogelea kama kiluwiluwi cha chura, ingawa ni kidogo kuliko chembe ya mchanga. Kina saa chache tu za kuishi hivyo. Kikibahatika kumpata samaki, hujipenyeza katika ngozi au katika matamvua yake, hukata mkia, hujikunja na kujitengenezea kifuko kigumu. Vingine hujificha katika nyama ya samaki, vingine karibu na moyo, vingine katika ubongo. Humo hutulia na kungoja.

Kinangoja nini? Kinangoja samaki aliwe. Yangeyange, korongo au mdiria akimmeza samaki huyo, kifuko hupasuka matumboni mwa ndege, mnyoo hutoka, hukomaa na kutaga mayai. Safari imefika mwisho, na papo hapo imeanza upya.

Chora duara katika daftari lako. Andika juu yake NDEGE, kulia TOPE NA KONOKONO, chini MAJI, na kushoto SAMAKI. Kisha chora mishale inayoonyesha njia ya mnyoo. Ukikosa mshale mmoja, mnyoo wako amekufa.

Mikoko inahusikaje?

Sasa tuulize: kila mmoja wa wenyeji hawa anaishi kwa msaada wa nini?

Tondo mkubwa hula majani ya mikoko yaliyoanguka. Jani likidondoka, konokono hulinusa na kulifuata, na pengine utawaona kadhaa wamelizunguka jani moja kama watu waliozunguka sinia. Bila miti hakuna majani, na bila kivuli tope hukaukiana kupasuka kwa jua wakati maji yakiwa yamekupwa.

Samaki wengi wa bahari hukulia katika mikoko. Mizizi ya mkoko wenyewe hushuka kutoka juu kama miguu ya meza nyingi zilizosongamana, na mizizi ya mchu huchomoza kutoka topeni kama penseli zilizosimamishwa. Samaki mkubwa anayekula wenzake hawezi kupita kwa urahisi katikati ya mizizi hiyo, lakini mkizi mchanga, changu mchanga na kamba wadogo hupita wapendavyo. Humo hupata maficho, na hupata chakula kingi kitokanacho na majani yanayooza. Wakikua, wengi wao hutoka kwenda baharini. Mvuvi anayetega dema mbali kwenye matumbawe huenda anamvua samaki aliyelelewa mikokoni.

Ndege nao hutua na kulala katika matawi ya mikoko, na maji yakipwa hushuka kuwinda.

Unaona sasa kwamba konokono, samaki na ndege wote watatu wamekutanishwa na msitu. Mnyoo bapa hawezi kuishi mahali ambapo mmoja wao hayupo. Tope halizai minyoo. Mnyoo anazaliwa na mnyoo, na anaendelea kuwapo kwa sababu wanyama anaowahitaji wote bado wapo.

Msomaji makini atauliza: basi, tukikata mikoko, minyoo hawataisha? Swali hili ni zuri, na jibu lake tusilikwepe. Ndiyo, baadhi yao wataisha. Konokono watapungua, ndege watahama, na safari ya mnyoo itakatika. Lakini mkizi wachanga hawatakuwa na mahali pa kukulia, na kamba pia. Ni sawa na mtu anayechoma nyumba ili aue kunguni. Kunguni watakufa kweli.

Wataalamu wanavyotumia minyoo kupima mazingira

Baadhi ya wanasayansi wameligeuza jambo hili likawa kipimo. Wamesema: ikiwa mnyoo anahitaji konokono, samaki na ndege, basi tukiwakuta minyoo wa aina nyingi katika konokono tutajua kwamba samaki na ndege wapo karibu, hata kama siku hiyo hatukuwaona. Konokono ni rahisi kumwokota. Hakimbii.

Kipimo hicho kilijaribiwa huko Carpinteria, katika jimbo la California nchini Marekani. Mahali hapo si msitu wa mikoko, kwa kuwa ni nchi ya baridi zaidi na panaota majani mafupi tu, lakini ni kinamasi cha maji ya chumvi kinachojaa na kupwa kama mikoko yetu, na wamo konokono wa jamii ya tondo. Sehemu moja ya kinamasi hicho ilikuwa imeharibiwa, kisha ikatengenezwa upya. Wanasayansi waliwapima konokono wake mwaka hadi mwaka na kuwalinganisha na konokono wa sehemu ambazo hazikuharibiwa. Mwanzoni minyoo walikuwa wachache. Baada ya miaka 6 hivi walikuwa wameongezeka mpaka wakalingana na wale wa sehemu nzima. Waliowaleta ni ndege. Ndege walikuwa wamerudi kuwinda hapo, na kinyesi chao kilidondosha mayai.

Katika kinamasi hicho hicho ndipo lilipogunduliwa jambo lingine la kushangaza. Mwanasayansi Kevin Lafferty na mwenzake walitoa taarifa mwaka 1996 kuhusu samaki wadogo wenye urefu wa kidole ambao ubongo wao umejaa vifuko vya mnyoo bapa. Samaki hao hawaogelei kama wenzao. Hutetemeka, hupinduka na kuonyesha tumbo lao jeupe, na hupanda juu ya maji mara kwa mara. Wanasayansi waliwaweka samaki wenye minyoo na wasio na minyoo mahali pamoja, wakawaacha ndege waingie. Samaki wenye minyoo waliliwa na ndege kwa wingi, kati ya mara 10 na mara 30 zaidi ya wale wasio na minyoo. Mnyoo huyo anamfanya samaki ajipeleke mwenyewe kinywani mwa ndege. Vilevile ndege anapata chakula kwa urahisi. Nani basi atasema kwamba kimelea hakina kazi yoyote katika mazingira?

Mfano mwingine unatoka katika mikoko hasa, kwenye wangwa wa Celestún katika rasi ya Yucatán, nchini Meksiko. Mwezi wa Septemba 2002 tufani kubwa iitwayo Isidore iliipiga rasi hiyo. Kwa bahati njema wataalamu walikuwa wameanza kuwahesabu konokono wa wangwa huo na minyoo wao tangu mwaka 2001, nao waliendelea kuhesabu mpaka 2009. Baada ya tufani konokono walipungua sana, na minyoo walipungua pamoja nao. Haikutosha konokono warudi ili mambo yawe kama zamani. Ilichukua miaka kadhaa wanyama wote wa ile safari kukutana tena. Kuvunja kulichukua siku chache.

Pale ambapo vimelea ni dalili mbaya

Usije ukadhani kwamba kila kimelea ni habari njema. Hapa ndipo tunapohitaji lile jambo tuliloambiwa tulikumbuke: minyoo wa kwenye matamvua hawahitaji mnyama wa pili. Huruka kutoka samaki mmoja hadi mwingine.

Chukua mfano wa bwawa la kufugia mwatiko au mkizi, kama yale yaliyochimbwa sehemu mbalimbali za pwani yetu. Samaki wakiwa wengi kupita kiasi na maji yakiwa hayabadiliki, mtoto wa mnyoo hana haja ya kutafuta. Popote ageukapo kuna samaki. Huzidi haraka. Matamvua huvimba na kutoa ute, samaki hukosa hewa, hupanda juu ya maji huku wakitweta, na wengi huweza kufa kwa muda mfupi. Hali kadhalika samaki wanaoishi katika maji machafu yenye mafuta au taka za mji hudhoofika, na samaki dhaifu hushindwa kujikinga na vimelea vya nje.

Kwa hiyo mchunguzi mzuri hasemi tu, "Nimeona kimelea." Husema ni kimelea gani, kipo mahali gani mwilini, ni vingapi, na samaki mwenyewe ana hali gani. Mkizi mnene mwenye minyoo wachache tumboni ametoka mahali pazima. Mkizi aliyekonda, mwenye vidonda na matamvua yaliyofunikwa na ute na vidudu, ametoka mahali penye matatizo. Mabwawa ya samaki yana faida, lakini yafaa yachimbwe kwenye uwanda mtupu nyuma ya mikoko bila kukata miti, na samaki wawekwe kwa kiasi.

Mikoko ilivyokatwa na inavyorudishwa

Katika pwani ya Kenya zinahesabiwa aina 9 za miti ya mikoko. Watu wa pwani wanaijua kwa majina: mkoko, mkandaa, mchu, mkomafi, mlilana na mingineyo. Tangu zamani wamekata boriti za kujengea nyumba, na majahazi yalizipeleka boriti hizo mpaka Uarabuni na Ghuba. Kukata kwa kiasi na kuiacha miti michanga ikue hakuumalizi msitu. Kinachoumaliza ni kuufyeka wote kwa ajili ya mkaa, kuni za matanuri, mashamba ya chumvi au mashamba ya mpunga. Hata delta ya Rufiji nchini Tanzania, yenye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mwingine wowote ulioungana katika pwani ya Afrika Mashariki, ina sehemu zilizofyekwa ili kulimwa mpunga.

Gazi, kusini mwa Mombasa, ni mahali panapofaa kutazamwa kwa makini zaidi. Katika miaka ya 1970 sehemu za mikoko ya Gazi zilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwandani. Zilibaki wazi, mchanga na tope bila miti, na kwa miaka mingi hazikuota zenyewe. Mwaka 1991 wataalamu wa utafiti wa bahari wa Kenya walianza kupanda tena pamoja na wanakijiji. Kupanda mkoko kunaonekana rahisi: tunda lake refu la kijani huchipua likiwa bado mtini, nawe hulichomeka tu topeni. Lakini kila aina ina mahali pake. Mlilana husimama mbele ukipigwa na mawimbi. Mkoko hupenda tope linalofunikwa na maji mara kwa mara. Mkandaa hukaa nyuma zaidi. Mchu huvumilia chumvi nyingi. Ukipanda mkandaa mahali pa mlilana, umepoteza siku yako.

Miti ilipokua, wataalamu waliwahesabu kaa walioishi chini yake na kuona kwamba wamerejea. Hakuna aliyewabeba kaa hao. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa na mradi wao uitwao Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 za mikoko. Mikoko hunyonya hewa ya ukaa na kuihifadhi katika miti na hasa katika tope, na watu wa nchi nyingine hulipa fedha ili ihifadhiwe humo. Fedha hizo zimesaidia maji ya bomba na shule katika vijiji hivyo.

Je, samaki mwenye minyoo analiwa?

Swali hili ndilo ambalo mama nyumbani atakuuliza kwanza. Analiwa, akiisha kusafishwa na kupikwa vizuri. Minyoo wengi hukaa matumboni, na matumbo huondolewa samaki anapoparwa. Wale waliomo katika nyama hufa wakipata moto wa kutosha, yaani nyama ikiiva mpaka kwenye mfupa, ama kwa kuchemshwa, ama kwa kukaangwa, ama kwa kuchomwa. Vyakula vya samaki vya pwani yetu karibu vyote hupikwa namna hiyo, na hiyo ni kinga kubwa.

Hatari ipo kwa samaki mbichi au aliyeiva nusu. Huko Misri wanapenda kula mkizi aliyetiwa chumvi bila ya kupikwa. Akilala katika chumvi siku chache tu, vifuko vya mnyoo bapa havijafa bado, na walaji wamepata minyoo wa tumbo kwa njia hiyo. Paka na mbwa wanaotupiwa matumbo mabichi ya samaki nao hupata minyoo, kisha huacha mayai ufukweni. Matumbo na yafukiwe.

Samaki aliyeoza ni jambo jingine kabisa. Tazama macho yake, matamvua yake na harufu yake. Macho yaliyozama, matamvua yenye rangi ya kijivu na harufu kali ni dalili za kuoza. Samaki wa namna hiyo hafai hata kama hana mnyoo mmoja.

Kazi ya kufanya

1. Leta samaki mbichi shuleni. Shule zilizo mbali na pwani zitumie perege, sato au dagaa wabichi. Mpime urefu. Funua matamvua na uyatazame kwa kioo cha kukuzia. Tazama kinywani na chini ya mapezi. Mwalimu ampasue, tazama matumbo na ini. Andika katika jedwali: jina la samaki, mahali alipovuliwa, vimelea vilivyoonekana, vilikuwa wapi, na idadi yake. Naweni mikono kwa sabuni, kisha mfukie mabaki.

2. Wanafunzi wa pwani waende mikokoni pamoja na mwalimu wakati maji yamekupwa. Ulizeni wavuvi saa ya maji kujaa kabla hamjaondoka. Pimeni mraba wa mita 1 kwa mita 1 chini ya miti, na mraba mwingine kama huo mahali palipokatwa miti. Hesabuni tondo na mashimo ya kaa katika kila mraba. Rudieni mahali patano patano. Msiwaondoe wanyama.

3. Muulize mzee anayevua, au babu yako, ni aina gani za samaki alizozoea kuzipata karibu na mikoko alipokuwa kijana, na ni zipi anazipata sasa. Andika majina yote kama alivyoyatamka.

4. Mwanafunzi mmoja ameokota tondo 50 katika mikoko, na mwalimu alipowachunguza hakukuta mnyoo hata mmoja. Mwanafunzi akafurahi, akasema msitu huo ni safi. Ungependa kumwuliza maswali gani kabla ya kukubaliana naye?